Mizani Kabla ya Kisu



Nilikwenda hospitali kugombana. Mfukoni nilikuwa na barua yenye mhuri wa chama, na mdomoni maneno makali kuliko barua. Mwenzetu mmoja, mpakizi wa ndizi pale Bwizibwera, alikuwa amelazwa kwa saratani ya tumbo. Siku ya upasuaji ilikuwa imekwisha kutajwa, watoto wake wamekwisha kuitwa, na wapakizi wawili walikuwa wametoa damu kwa ajili yake. Ghafula tukaambiwa kwamba operesheni imesogezwa mbele wiki mbili. Sababu iliyotolewa ilikuwa fupi: mgonjwa amekonda mno, kwanza alishwe.

Wenzake walinizunguka penye malori. Mtu ana saratani tumboni, walisema, nao wanampikia uji! Mmoja alishikilia kwamba kuna mtu anangoja chai. Mwingine, mzee wa siku nyingi katika kazi ile, alisema wanangoja afie kitandani ili asije akafia mezani wakalaumiwa. Mimi kiongozi wao, ambaye ilinipasa kuuliza kabla ya kuamini, niliamini yote mawili.

Muuguzi aliyenipokea wodini alikuwa dada wa makamo, mpole wa sauti. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Mzee, huyu mtu wenu alikuwa na kilo ngapi kabla hajaugua?" Nikasema sijui. Akasema, "Mke wake naye hajui, na mwenyewe anakisia. Basi badala ya kunisomea barua, nenda kaniletee kilo hizo. Zina kazi."

Nilirudi Bwizibwera na barua yangu bila kuisoma. Yale niliyojifunza katika siku zilizofuata ndiyo ninayowaandikia leo, maana naona hayakuwa siri ya madaktari. Ni mambo ambayo mfanyakazi yeyote anaweza kuyaelewa, na mengine anaweza kuyafanya mwenyewe kwa utepe wa fundi cherehani.

KITABU CHA MAHARAGE

Bwizibwera, kwa msomaji asiyeijua, ni mji mdogo ulio kaskazini mwa Mbarara katika barabara ya kwenda Ibanda. Ni nchi ya migomba na ng'ombe. Lori likija, wapakizi hubeba mikungu kichwani na mabegani mpaka lijae, nalo huondoka usiku. Pembeni ipo stoo ya mnunuzi wa maharage yenye mizani ya jukwaa. Kwa miaka mingi imekuwa desturi ya wapakizi, siku ya Jumamosi wakishalipwa, kupanda mizani ile mmoja mmoja na kuwekeana dau la soda nani mzito. Karani wa stoo, mtu anayependa kila jambo liandikwe, alikuwa akiandika kilo zao nyuma ya kitabu cha risiti.

Tulikifungua kitabu. Jina la mwenzetu lilikuwamo mara tano: kilo 67, 68, 68, 69, 68. Mara ya mwisho ilikuwa miezi mitano kabla ya kulazwa. Baada ya hapo hakupanda tena mizani. Aliona haya.

Msishangae. Katika nchi hii kukonda kuna historia yake. Mwaka 1985 madaktari walieleza katika jarida la kitabibu ugonjwa mpya uliokuwa ukiwakausha watu wa Rakai, ambao wenyeji waliupa jina la Slim, na sisi tukatamka silimu. Ulikuwa UKIMWI. Waliokuwa watoto wakati ule, nami nikiwa mmoja wa waliofuata nyuma yao kidogo, tulikua tukiona mtu anapungua na baada ya miezi anazikwa. Tangu hapo mtu akipungua kilo, jirani humaliza hesabu kabla ya daktari kuianza. Ndiyo sababu mwenzetu alivaa makoti mawili kwenye jua la kiangazi, na sisi tulimcheka tukidhani ana homa.

Hospitali walimpima wakapata kilo 57. Nilipopeleka namba ya karani, dada yule alichukua kalamu akanionyesha hesabu, na mimi mwenye darasa la saba niliifuata bila taabu. Uzito wa zamani 68, toa uzito wa sasa 57, zinabaki 11. Gawanya 11 kwa 68, zidisha kwa 100. Jibu ni 16. Mwenzetu alikuwa amepoteza kilo 16 katika kila mia za mwili wake, kwa muda usiozidi miezi mitano.

Madaktari wa lishe wanasema mtu akipoteza zaidi ya 10 katika mia kwa miezi sita bila kukusudia, na anangojea upasuaji mkubwa, huyo yuko katika hatari kubwa, na inafaa alishwe kwa siku 7 mpaka 14 hata ikibidi operesheni isubiri. Hatari hiyo haikugunduliwa jana. Mwaka 1936 daktari mpasuaji wa Marekani, Hiram Studley, alipitia majalada ya wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo. Waliokuwa wamepoteza moja ya tano ya uzito wao au zaidi kabla ya kupasuliwa, mmoja kati ya kila watatu alikufa baada ya operesheni. Waliopoteza pungufu ya hapo, hawakufika wanne katika mia. Mpasuaji ni yule yule, kisu ni kile kile.

Na mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 75 juu ya wagonjwa zaidi ya 5,000 waliopasuliwa kwa saratani ya tumbo au ya utumbo mpana. Mmoja kati ya watatu alikuwa na utapiamlo mkali. Katika nchi maskini, yaani nchi kama zetu, walikuwa karibu sita kati ya kumi, na hao ndio waliokuwa wakifa zaidi katika siku 30 za kwanza. Basi nikamwomba dada radhi kwa ile barua ambayo hata sikuisoma.

KWA NINI MWILI MKONDE HAUPONI

Nilitaka kujua sababu. Mpasuaji akishakata na kushona, kazi yake imekwisha; kinachobaki ni kazi ya mwili wenyewe. Mwili ndio unaounganisha utumbo uliokatwa, ndio unaopigana na vijidudu kwenye kidonda, ndio unaokohoa ili mapafu yasijae makohozi. Kazi zote hizo zinataka protini, na mwili usioipata kwenye chakula huichukua kwenye misuli. Mgonjwa asiye na misuli ni kama kiwanda kisicho na akiba stoo: umeme upo, mashine ipo, lakini hakuna cha kutia ndani. Mshono wa utumbo unaweza kuvuja, kidonda kinaweza kufunguka, na nimonia huingia kwa sababu hana hata nguvu za kukohoa.

Tena saratani si njaa ya kawaida. Mtu mwenye njaa tu, ukimpa chakula atarudi. Saratani inauchochea mwili ujile wenyewe, inaondoa hamu ya kula, na ile ya tumbo inaziba na njia. Kwa hiyo wiki mbili za kulishwa hazimrudishi mtu kilo zake zote 68. Daktari alituambia wazi kwamba hatafuti unene, anatafuta mwili uache kuporomoka na upate akiba kidogo ya kuvukia mto.

NAMBA MOJA HAITOSHI

Hapa pana jambo ambalo watu wengi, hata wasomi, hulikosea. Kipimo kinachojulikana sana ni uwiano wa uzito na urefu. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu ule ule. Wazo hilo lilitoka kwa Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830, naye hakuwa daktari bali mtu wa hesabu. Jibu likiwa chini ya 18.5 mtu huhesabiwa amekonda. Mwenzetu ana urefu wa mita 1.72. Kilo 57 zinampa 19.3. Kwa kipimo hicho peke yake alikuwa mzima! Angepita mlangoni akapasuliwa. Kilichomtoa katika foleni ni kitabu cha risiti za maharage.

Maji nayo hudanganya mizani. Mgonjwa akivimba miguu, au tumbo likijaa maji, kilo hupanda huku misuli inakwisha. Dada yule huanza kwa kubonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Shimo likibaki, haamini mizani tena.

Kwa sababu hiyo wataalamu huchanganya mambo kadhaa. Ipo karatasi moja ya Waingereza, ya mwaka 2003, inayotoa alama kwa uwiano wa uzito, alama kwa kilo zilizopotea, na alama kama mgonjwa ni mahututi na amekaa au atakaa zaidi ya siku tano bila kula. Alama mbili au zaidi ni hatari kubwa. Mwenzetu alipata tatu: moja kwa uwiano, mbili kwa kilo zilizopotea. Jina la mkato la karatasi hiyo ni MUST, sawasawa na chuo kikuu chetu cha Mbarara, na nilipolisikia nilidhani ni wao walioitunga. Dada alicheka sana.

Ipo na njia ya Kanada, ya miaka ya 1980, ambayo haina mashine yoyote. Mganga anauliza: umepungua kiasi gani, unakula nini, unatapika, unaharisha, unaweza kufanya kazi gani sasa ambayo mwezi uliopita uliiweza? Kisha anavua shati la mgonjwa na kutazama mabega, mbavu, mapaja, na ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwisho anampa herufi A, B au C. Mtu anaweza kuona ni kazi ya kubahatisha, lakini imejaribiwa kwa muda mrefu na imeonekana inasema kweli.

Na mgonjwa asiyeweza kusimama kwenye mizani? Hapo hupimwa mkono. Tafuta katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia bila kukazwa, zungusha utepe. Kwa mtu mzima, chini ya sentimita 23.5 ni dalili kwamba huenda uwiano wake uko chini ya 20. Jambo la utepe wa mkono lina mizizi hapa kwetu. Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa afya ya watoto Makerere tangu 1959 hadi 1966, ndiye aliyeandika kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1966 juu ya kupima lishe ya watu vijijini, kitabu kilichofuatwa dunia nzima. Na kituo cha lishe cha Mwanamugimu pale Mulago, kilichoanza mwaka 1965, kilikuwa kikipima mikono ya watoto na kuwafundisha mama zao kupika kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haya ni mambo ya Ulaya.

MNENE ALIYEKONDA

Sasa niwapeleke Nakivale. Makazi haya ya wakimbizi yako upande wa kusini mashariki wa Mbarara, wilayani Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilo. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliotoka Rwanda, na leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi. Base Camp ukisimama dakika kumi utasikia lugha nne, na Kiswahili ndicho kinachowauzia nyanya wote. Chama chetu kina wanachama huko miongoni mwa vibarua wa mashamba. Msiseme mkimbizi hana ruhusa: Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa haki ya kufanya kazi na haki ya kuingia chama cha wafanyakazi.

Mama mmoja kutoka Kivu, kibarua wa kupukuchua mahindi, alipatikana na saratani ya utumbo mpana. Mama huyu ni mtu mkubwa. Alipokuwa mzima alikuwa na kilo 92. Alipofika kupimwa alikuwa na 81. Urefu wake ni mita 1.58, kwa hiyo uwiano wake ulikuwa 32, na kwa kipimo hicho ni mnene kupita kiasi. Majirani walikuwa wakimpongeza: Mama, umependeza, umepungua! Yeye mwenyewe aliniambia, "Kaka, mimi nilimushukuru Mungu, nikasema sasa magoti itapona."

Lakini piga hesabu. Kilo 11 kati ya 92 ni 12 katika mia. Na zile kilo 11 hazikuwa mafuta tu. Walimpa chombo cha kukamua kwa kiganja chenye namba kama saa, kinachopima nguvu za mkono. Mwanamke akishindwa kufika kilo 16, au mwanamume 27, misuli yake inatiliwa shaka. Mama huyu alifika 14. Wakamwambia akae kitini, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano upesi awezavyo. Ukizidi sekunde 15 ni dalili mbaya. Yeye mara ya tatu alishika meza.

Hapa ndipo nilipofahamu neno la madaktari kwamba mwili una sehemu zake. Kilo za mizani ni jumla tu: mafuta, misuli, mifupa, maji. Watu wawili wenye kilo 81 wanaweza kuwa mmoja ana misuli ya mpakizi na mwingine ana mafuta yaliyoficha mifupa. Penye vifaa, hutazamwa picha ya siti-skani ambayo mgonjwa wa saratani huenda amekwisha kupigwa kwa ajili ya uvimbe wenyewe. Wanachukua kipande kimoja kwenye pingili ya tatu ya kiuno na kupima eneo la misuli. Ipo na mashine inayopitisha umeme mdogo usiosikika: misuli ina maji na hupitisha umeme, mafuta huuzuia. Hivyo ni vitu vizuri, na vikija tutafurahi. Lakini kiti kipo kila nyumba. Kwa maoni yangu, kiti kile kilieleza habari ya yule Mama kuliko mashine yoyote ambayo angeisubiri mwezi mzima.

CHAKULA KINATOKA WAPI?

Kupima bila kulisha ni kumwandikia mtu deni. Mgonjwa wa namna hii anatakiwa apate kila siku gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili. Kwa mwenzetu wa kilo 57 ni kama gramu 70 hadi 85. Matoke hujaza tumbo, nami nayapenda kama mtu yeyote wa huku, ila gramu 100 za matoke zina protini gramu moja hivi. Tukakaa na mke wake tukahesabu kwa vitu vya sokoni: lita moja ya maziwa gramu 33, mayai manne gramu 24, kikombe cha maharage yaliyoiva gramu 15. Jumla 72. Ankole ni nchi ya maziwa, kwa hiyo hapo hatukushindwa. Kwa kuwa tumbo lake halikuweza kupokea sahani, alikula kidogo kidogo mara saba au nane kwa siku: uji wa maziwa uliotiwa karanga za kusaga na unga wa mukene, yai lililopondwa, tena uji. Katika hospitali zetu nyingi jamaa ndio wapishi, na wapakizi waliweka zamu ya kuni na maziwa. Wale wale waliocheka habari ya uji.

Tahadhari moja nisiisahau. Mgonjwa aliyekaa siku nyingi karibu bila kula asishindiliwe chakula siku ya kwanza. Mwaka 1945, vita vilipokwisha, wafungwa waliokuwa na njaa ya miaka walikufa baada ya kupewa chakula kingi kwa huruma, maana chumvichumvi za damu huvurugika ghafula. Daktari ndiye wa kusema aanze na kiasi gani. Na saa za mwisho kabla ya nusukaputi, mfuate daktari wa usingizi: siku hizi wengi huruhusu chakula mpaka saa sita kabla, na maji mpaka saa mbili kabla, lakini mwenye tumbo lililoziba ana hukumu yake peke yake.

Nakivale hesabu ilikuwa nyingine. Mgawo wa chakula kwa wakimbizi ulikuwa umekwisha kupunguzwa mwaka 2020, na Februari 2021 ukashushwa hadi 60 katika mia. Mwaka 2023 watu wakagawanywa mafungu kwa kadiri ya shida zao. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likatangaza kwamba kwa kukosa fedha linawaondoa watu karibu milioni moja katika msaada nchini Uganda. Mama huyu jina lake lilikuwa miongoni mwa waliotoka. Aliposomewa orodha ya mayai na maziwa alicheka, akauliza kama kuku watakuja peke yao kwa miguu. Vibarua wenzake walichanga, chama kilitoa kidogo kutoka mfuko wa maafa, na wiki ya pili mfuko ukasema hapana kwa sababu kulikuwa na msiba wa Juru. Alipasuliwa akiwa na nguvu za mkono zile zile 14. Hakufa, tunashukuru. Lakini kidonda kilifunguka siku ya tisa, na ilichukua miezi minne kufunga. Kwa muda huo binti yake wa miaka 13 ndiye aliyepukuchua mahindi.

SAA YA SHERIA

Wapo wanachama waliouliza chama kinahusika wapi na kilo za mtu. Kinahusika hapa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi aliyetimiza mwezi kazini, akiugua na akaleta cheti cha daktari, alipwe mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ukiisha bado mgonjwa, mwajiri anaweza kumwachisha akifuata masharti ya mkataba. Sasa hesabuni nami. Wiki mbili za kulishwa. Siku kumi wodini. Kisha wiki sita au zaidi za kutoinua kitu kizito, na kwa mpakizi kitu kizito ndiyo kazi yenyewe. Saa ya sheria inagonga wakati mtu bado ana mshono mbichi. Ndiyo maana wagonjwa wengine humwomba daktari awapasue leo leo na konda wao, kwa sababu kila siku ya kulishwa wanailipa kwa siku za mshahara. Watu huita woga au ujinga. Mimi naona ni hesabu ya mtu mwenye watoto.

Na wapakizi wengi huitwa vibarua tu. Kanuni za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo miezi minne si kibarua tena, anastahili mkataba wa maandishi. Kwa mwenzetu tulisimama juu ya kanuni hiyo. Mwajiri alisema mtu wa kulipwa kwa lori hana mshahara kamili wa kutajwa. Tukamletea kitabu kingine cha karani, cha malori, tukachukua wastani wa miezi mitatu. Mazungumzo yalichukua siku nne, na mara mbili yalivunjika. Mwishowe alikubali kwa maandishi kulipa mwezi mmoja kamili, na kwamba akishatoka hospitali apewe kazi ya kuhesabu mikungu badala ya kuibeba, bila tarehe ya mwisho. Sidai kwamba ni ushindi mkubwa. Mwajiri mwingine wa jirani amekataa kabisa hata kutupokea, naye nitamrudia.

Mwenzetu alipasuliwa siku ya kumi na tano. Alikuwa amefika kilo 58 na nusu. Yupo, anakula sahani ndogo mara sita kwa siku, na ana penseli nyuma ya sikio kama karani wa posta. Dawa zake bado anazifuata.

Kitabu cha maharage kimejaa. Karani amebandika karatasi mpya ukutani mwa stoo, na sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wapakizi wote wanapanda, dau la soda likiendelea kama zamani. Yamo majina 41. Kijana mmoja aliyeandikwa kilo 66 mwezi wa sita ameandikwa 62 mwezi huu. Anasema ni jua na kazi nyingi, na kwamba kituo cha afya cha Bwizibwera kina foleni ndefu. Nimempigia hesabu mbele yake: nne kwa 66, ni sita katika mia. Amenyamaza. Jumatatu asubuhi nitampitia nyumbani kwake, twende wote.